Bei Ambayo Hatukuweza Kuitaja

Mimi na mzee aliyekuwa akiuza nyumba yake Kamembe tulikubaliana haraka kwamba komisiyoneri, yule dalali wa nyumba, asiingie kati yetu. Sote tuliuza vitenge sokoni. Kubishana bei ilikuwa kazi yetu ya kila siku.

Sikufikiria kwamba nyumbani kwake ningekuwa mgeni. Siku ya kwanza alinionyesha vyumba vyote, tukanywa chai, na ikawa aibu kuanza kubishana bei huku nikitafuna maandazi yake. Siku ya pili nilisifu mabati. Naye, kwa heshima, akasifu viatu vyangu. Wakati huo mwenye nyumba niliyopanga alikuwa ametuambia tuhame kabla ya mwezi kwisha.

Siku ya tatu nilikuja na mke wangu. Mke wa mzee akampeleka kuona jiko. Sisi tukabaki tukikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Waliporudi walikuwa wakicheka.

"Tulishamaliza," akasema mke wa mzee.

"Mumemaliza nini, Maman?" mzee akauliza.

"Nyumba. Batahamia wiki ijayo."

"Kwa bei gani?"

"Utaambiwa kesho, Papa. Sasa tuko na wageni, haifai kuongea franga."

Njiani mke wangu alinitajia bei. Ilikuwa chini kidogo ya ile niliyokuwa tayari kulipa. Kesho yake sokoni mzee aliniambia, bila kucheka, kwamba ilikuwa juu kidogo ya ile aliyokuwa tayari kupokea.