Ufito wa Tano

Dada yangu mkubwa ni mfungashaji wa mizigo. Ofisi ya mabasi anakofanya kazi ina dirisha moja, mizani moja na meza ndefu iliyochubuliwa na kamba, na nyuma ya meza hiyo amesimama miaka kumi na tisa. Wengine hufunga mzigo ili usifunguke. Yeye hufunga ili ufike. Wapagazi humwita Mama Blanketi, kwa kuwa hununua mablanketi makuukuu na kuyakata vipande vya kuvalisha vioo, taa na saa za ukutani za watu.

"Mama Blanketi, wewe ukifunga yai, kule watapokea kifaranga," wanamchokoza.

"Na ukilibeba wewe watapokea limeshakaangwa. Nyanyua huo mzigo, acha maneno."

Lakini kitu anachokijua kuliko watu wote ninaowafahamu ni namna ya kusafirisha fito za kuvulia samaki. Alijifunza kwa sababu ya mumewe. Shemeji yangu alikuwa akitengeneza fito katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, na watu wanaovua kwa kujifurahisha walimfuata kutoka mbali. Ufito ni kitu kigumu kukielewa. Utamtoa majini samaki mzito kuliko mtoto wa miaka miwili, lakini begi likiuangukia ubavuni, umekwisha. Siku moja, walipokuwa bado wageni katika ndoa, dada alimwona mteja akiondoka na ufito mpya ameupitisha dirishani mwa gari, ncha ikichezacheza nje. Alimkimbilia akiwa na kanga moja, akagonga gari kwa kiganja.

"Kaka, mume wangu amekaa mwezi mzima na hicho kitu. Angalau kiingize ndani."

Tangu hapo hakuna ufito uliotoka nyumbani kwao bila kupita mikononi mwake. Alikuwa na utaratibu wake. Bomba la plastiki, lile la maji machafu, alilikata lizidi ufito mrefu kwa vidole vinne. Alitia sponji kila mwisho. Gurudumu la kukunjia mshipi alilifungua na kulifunga peke yake. Ncha nyembamba ya ufito mmoja aliilaza kwenye mpini mnene wa mwingine, ili pete ndogo zinazopitisha mshipi zisigusane. Kisha kila ufito ulishonewa soksi yake ya blanketi. "Hauendi uchi," alikuwa akisema, kama mtu anayezungumzia mwanawe. Katika miaka yote hiyo ufito wake haukupata kuvunjika njiani hata mmoja.

Miaka mitatu iliyopita mikono ya shemeji ilianza kutetemeka. Kwanza kikombe, halafu vifungo vya shati. Daktari alimpa dawa na kumwambia ukweli, kwamba zingemsaidia lakini zisingemponya. Pete za ufito hufungwa kwa uzi mwembamba kama unywele, mzunguko kwa mzunguko, kila mzunguko ukibanana na mwenzake. Mkono ukiruka mara moja, unaanza upya. Akaacha kupokea kazi. Akawa anakaa sebuleni na redio imezimwa. Wateja walipopiga simu, dada aliwaambia fundi amesafiri.

Ndipo likaja tangazo la chuo cha uvuvi. Walitafuta mwalimu wa kutengeneza fito. Shemeji alilisoma mara nyingi mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo.

"Mikono imekufa, lakini mdomo bado unafanya kazi," alimwambia dada. "Nikipata vijana kumi wenye mikono mizima, mimi nitasema tu, wao watafunga."

"Na hao chuo wakiuliza habari za mikono?"

"Tangazo linasema kazi ipelekwe kwanza, mtu ataitwa baadaye. Waone kazi kwanza. Wakishaniona nafundisha, hawatakumbuka kutazama mikono."

Chuo kilitaka fito tano. Nne zingeweza kuwa za zamani. Wa tano ulitakiwa uwe mpya, wa vipimo walivyotoa wao, wa vipande viwili vinavyochomekana. Nne alikuwa nazo chini ya kitanda. Huo wa tano ndio uliommaliza. Kila asubuhi, baada ya dawa, mikono ilimpa utulivu wa kama dakika arobaini. Dada alikuwa akimwekea kila kitu mezani kabla, uzi umeshakatwa, taa imewashwa, mlango umefungwa asiingie mtu. Akafunga pete moja kwa siku saba, wakati mwingine kwa kumi. Pete nane zilichukua zaidi ya miezi miwili. Mimi nilikuwa mgeni wao wiki moja katika kipindi hicho, na sijawahi kusikia nyumba iliyo kimya vile.

Uzi ukishafungwa hupakwa vanishi, na vanishi ile hutaka siku kumi ikauke mpaka ndani. Pete ya mwisho ilipakwa zikiwa zimebaki siku sita tu kabla ya siku ya kupeleka kazi chuoni. Usiku wa kuamkia safari si wakati wa kubishana, kwa hiyo shemeji alisema mapema, mchana wa Jumatano, siku moja kabla, mbele yangu, maana nilikuwa nimekuja kumsindikiza dada.

"Huu wa tano usiuvalishe. Vanishi ni mbichi. Ubebe hivyohivyo mkononi."

"Kwenye basi? Watu wakiukanyaga?"

"Mama, nakuomba. Mkononi."

Dada aliitikia. Nilimwona akiitikia. Lakini alipobaki peke yake na ule ufito, aliugusa kwa kidole gumba, akauona mkavu. Akafikiria watoto wanaokimbia kwenye njia ya katikati ya basi, vikapu, viwiko vya watu waliosinzia. Akafikiria miezi ile miwili. Hajawahi maishani mwake kuacha kitu kiende bila nguo. Akakata kipande cha blanketi jipya, laini kuliko yote aliyokuwa nayo, akaushonea soksi mbili, moja kwa kila kipande, akaulaza katikati ya wenzake, akaziba bomba kwa vifuniko na kulizungushia utepe wa gundi hata sisimizi asipite.

Tuliondoka na basi la alfajiri. Mizigo ilikuwa mingi na bomba lilikuwa refu, mpagazi akaliingiza mahali pekee palipolitosha, buti la nyuma, ubavuni mwa injini. Dada alisimama akimwelekeza, taratibu, hapo hapo, usilibane. Safari nzima, muda wa saa tano, aliketi kiti cha nyuma kabisa ili awe karibu nalo, na kila basi liliporuka aliweka kiganja sakafuni, kama anayetuliza mnyama.

Saa nne na nusu tulikuwa kwenye baraza ya chuo, mbele ya mlango wa karakana. Tuliitwa saa tano. Dada alikaa kwenye benchi, akalipakata bomba, lilikuwa bado na joto la injini. Akakata utepe. Kabla hajatoa chochote alinusa, nikaona uso wake ukibadilika.

Harufu ya vanishi ilitoka kama ya kopo lililofunguliwa sasa hivi.

Zile nne zilitoka salama. Soksi za wa tano hazikutoka. Alivuta kidogo, akasita. Akajaribu upande wa mpini, kitambaa kikateleza vizuri mpaka kilipofika kwenye pete ya kwanza, kikang'ang'ania. Pete zote nane zilikuwa zimegandana na blanketi. Alizichana soksi kwa mkasi, akabandua kwa kucha, hapa na pale. Kilichobaki kwenye kila fundo la uzi ni manyoya, manyoya ya blanketi yaliyozama ndani ya vanishi, na pale alipokazana zaidi uzi wenyewe ulifumuka.

"Lete maji," aliniambia.

Nikaleta. Hayakusaidia.

"Mate. Kipangusio. Una kitana?"

"Dada, acha. Unazidi kufumua."

"Aliniambia," alisema. "Aliniambia nisiuvalishe. Ulimsikia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, akauweka mkasi chini. "Nitasema ukweli. Nitasema ni mimi."

Mkuu wa karakana, aliyetuita ndani saa tano, alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi. Alizipokea zile nne, mmoja mmoja. Aliusukuma kila mmoja kwenye dari mpaka ukapinda, akauachia, akautazama ukirudi. Alicheka peke yake.

"Huyu mtu alikuwa wapi siku zote? Mama, tazama huu unavyorudi. Haupigi kelele, haubaki umepinda."

Kisha akaufikia wa tano. Aliusogeza dirishani. Akapitisha kidole juu ya manyoya, pete baada ya pete.

"Hapa kumetokea nini?"

"Ni mimi, mwalimu. Mume wangu alikataza usivalishwe, vanishi haijakauka. Nikauvalisha. Kosa si lake hata kidogo."

Alimtazama dada kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Mama, nimekaa hapa miaka mingi. Kila fundi ana mtu wa kumbebea kosa. Wake zao ndio hodari zaidi."

"Naapa, mwalimu."

"Sikulaumu. Ungekuwa mke wangu ningefurahi." Aliurudisha ufito mezani. "Lakini mimi natafuta mtu wa kufundisha vijana kungoja. Huyu ameshindwa kungoja vanishi."

Dada alinigeukia. Nikasema ni kweli, nilikuwepo, nilimsikia shemeji kwa masikio yangu. Mkuu akauliza mimi ni nani. Nikasema mdogo wake. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimethibitisha alichosema.

Akaukunja tena ule ufito mmoja aliokuwa ameupenda.

"Basi tufanye hivi," alisema mwishowe. "Kazi hizi nne siwezi kuziacha ziondoke hivihivi. Mwambie aje Jumatatu, saa nane mchana, kamati ikiwepo. Afunge pete moja tu mbele yetu. Moja. Akiifunga, yaliyobaki niachie mimi."

Alidhani amempa zawadi. Dada alihesabu kwa vidole. Nilijua anachohesabu. Saa nane mchana dawa ya asubuhi inakuwa imekwisha nguvu kabisa. Saa nane mchana shemeji hunywa chai kwa mrija.

"Haiwezi kuwa asubuhi?" aliuliza. "Mapema, saa moja?"

"Kamati hukaa saa nane, mama. Kwani kuna shida gani?"

 Dada alitoa simu begini, akampigia mumewe. "Zungumza naye mwenyewe," alisema. "Mimi nimeshaharibu vya kutosha."

Simu ya dada ni mbovu. Kisikizio kilikufa zamani, kwa hiyo hupokelea kwa kipaza sauti, na yeyote aliye karibu husikia. Mkuu aliiweka mezani katikati ya fito, akajitambulisha, akaeleza habari ya Jumatatu. 

"Mke wangu yupo hapo?" shemeji aliuliza.

Mkuu akamtazama dada. Dada akatikisa kichwa kukataa.

"Ametoka nje kidogo."

"Basi nikwambie, mwalimu. Siwezi kuja. Mikono yangu inatetemeka, huu ni mwaka wa tatu. Ufito wa tano ulinichukua miezi, tena kwa kuiba dakika. Pete moja mbele ya watu siwezi kuifunga, wala saa nane wala saa nyingine yoyote."

Mkuu alivua miwani. "Pole sana, fundi. Kanuni zetu zinataka mtu anayeonyesha kwa mikono. Ningekuwa peke yangu…"

"Naelewa. Tangazo nililisoma." Akapumua. "Ila nina ombi. Usimwambie mke wangu kwamba imekwisha. Amehangaika na fito hizo kuliko mimi. Mwambie mnafikiria. Hayo tu, mwambie mnafikiria."

Dada alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye simu ile, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mkuu alimtazama akiomba msaada. Hakupewa.

"Sawa, fundi," alisema. "Nitamwambia."

Simu ikazima.  Mlango wa karakana ulikuwa wazi na mahali fulani ndani msumeno ulikuwa ukikata, ukanyamaza, ukaanza tena. Hatimaye dada alienda hadi mlangoni, akatoka nje, akarudi, kama mtu anayeingia kwa mara ya kwanza.

"Mmezungumza naye, mwalimu?"

Mkuu alikuwa mwongo mbaya sana. Alitazama miwani yake, akatazama dirisha. "Tumezungumza. Tuna… tunafikiria, mama."

"Ahsante. Nitamwambia mnafikiria."

Tulifika nyumbani jua likikaribia kuzama. Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti sebuleni, amebana mikono katikati ya magoti. Alimtazama dada, hakulitazama bomba.

"Wamesemaje?"

"Wanafikiria."

"Aa. Basi tusubiri."

"Tusubiri."

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Nikienda kuwatembelea, shemeji huuliza mbele yangu, kwa furaha ya kujitahidi, kama chuo kimepiga simu kazini kwa dada, na dada hujibu kwamba bado, watu wa kamati huchelewa, unawajua. Halafu anainuka kumtafutia mrija. Mimi ninayejua vyote nakaa katikati yao na kikombe changu, na kila mara naondoka bila kusema.