Siku Nilipolikana Neno Gusakara

Kuna neno likinifikia sikioni natamani ardhi ipasuke niingie. Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Kaniha kuezua jiko la marehemu bibi ili tupige bati. Fundi, kijana wa Kisubi, kabila la wenyeji wa pale, alifunua nyasi akatikisa kichwa, akasema hapa alisakara mtu anayejua kazi. Nikamuuliza neno hilo kalitoa wapi. Akanishangaa. Kwao Wasubi ni kusakara tangu enzi za mababu, Warundi wanasema gusakara, na ni neno lilelile.



Bibi alizaliwa Burundi. Kwake gusakara haikuwa kufunika nyumba kwa nyasi tu. Unaanzia chini kwenye upenu, fungu la juu linakalia shingo ya fungu la chini, hivyohivyo mpaka kileleni. Ukitupia nyasi ovyo, alikuwa akisema, umefunika, hujasakara. Sisi watoto tulichambua nyasi mpaka vidole vikachanika, huku harufu ya ndizi na maharage ikitutesa.

Nikiwa darasa la nne, jiko la shule lilivuja, wazazi wakaitwa kuleta nyasi. Bibi alifika na mzigo kichwani, akamwambia mwalimu amekuja kwa ajili ya gusakara. Darasa likaangua kicheko. Mrundi huyo! Na wengi waliocheka walikuwa Wasubi, watoto wa nyumba zilizosakarwa, lakini shuleni nani angethubutu kukiri? Mwalimu akauliza huyu ni bibi wa nani. Nilijua nikisema wangu, na mimi nitaitwa Mrundi mpaka nimalize shule.

“Ni jirani yetu tu,” nikasema.

Kiswahili hicho bibi alikielewa vizuri. Akautua mzigo, akaenda zake.

Jioni hakunigombeza. Ndugu zangu walikula sinia moja kama kawaida. Mimi aliniwekea kigoda, akaninawisha mikono, akanipakulia peke yangu kwenye sahani ya wageni.

“Karibu, jirani,” akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Sikuomba msamaha. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilikua na bado sikuomba. Tangu siku ile hakunisemesha tena Kirundi. Hata alipokuwa hajiwezi kitandani, alihangaika kutafuta neno la Kiswahili la kuniomba maji. La Kirundi nilikuwa nalijua. Nilikaa pale nikimsubiri alipate.