Mkwe Kabatini

Sijapata kuona watu wanaofurahia kitu walichokwisha kukijua kama Waingereza. Kila mwaka ikifika sikukuu yao ya Disemba, televisheni inawarudishia kichekesho kile kile, cha zamani kuliko hata binti yangu, chenye makochi ya kahawia na wanaume waliofuga nywele mpaka masikioni. Jirani yetu wa Ilford, hapa London, bibi wa Kiingereza, anakijua kwa moyo. Anayasema maneno kabla wenyewe hawajayasema, kisha anacheka. Nilimuuliza anacheka nini ikiwa anajua kitakachotokea. Akaniambia hiyo ndiyo raha yake. Haya, nikasema, kila mtu na raha yake.

Kisa chenyewe ni hiki, na naona haya kukisimulia. Bwana mmoja amemwongopea mkuu wake wa kazi kwamba mama mkwe amefariki, ili apewe ruhusa akatazame mbio za farasi. Mkuu wa kazi anakuja nyumbani kutoa pole, na maua mkononi. Mkwe mzima wa afya, yuko jikoni anapika chai. Basi bwana anamsukumia kabatini. Mkwe anagonga, bwana anasema ni mabomba ya maji. Nusu saa nzima ni hayo hayo, na kila mkwe akigonga utasikia kundi la watu wasioonekana wanaangua kicheko, wametiwa humo makusudi ili wewe mjinga ujue pa kuchekea.

Mama mkwe, jamani. Kwetu Pemba mama mkwe ukikutana naye njiani unashuka baiskeli. Hawa wanamtia kabatini pamoja na makoti.

Ningedharau nikanyamaza, lakini mume wa binti yangu naye alikuwa anakipenda. Mimi nilikuwa na chumba changu Kilburn. Binti yangu alipojifungua mtoto wa tatu nilikwenda kwake Ilford kumwangalia siku arobaini, na hizo arobaini zikawa miaka miwili, chumba changu kikapangishwa mtu mwingine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami jembe nililishika kweli: nikapika, nikafua, nikapeleka wajukuu skuli. Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja chao wao na mtoto mchanga, kimoja cha wasichana wawili, mimi nikapewa sebule. Kochi likawa kitanda changu, na televisheni ikawa imo chumbani mwangu.

Mume wa binti yangu basi, akitaka kutazama kitu, husimama mlangoni. Mwanamume mwenye adabu haketi kwenye kitanda cha mama mkwe wake wala hanyooshi miguu mbele yake. Hilo nililiona sawa kabisa, nikamhesabia kuwa kalelewa. Lakini siku ya kichekesho kile alikuwa akicheka nyuma yangu, kicheko cha puani, mkono mdomoni. Mkwe wa kwenye televisheni anagonga kabati, na mimi mkwe wa kweli nimekaa hapa mbele yake na kanga yangu miguuni. Utaniambia anamcheka nani?

Nikamuuliza binti yangu jikoni: mumeo ananitaka nitoke? Akasema, hasha, mama, ile ni televisheni tu. Nikasonya. Mtu akitaka kukufukuza haanzi kwa kukutupia mizigo nje. Nilikaa mwaka mzima na jambo hilo kifuani, nikimpakulia wali na kumtilia shaka, nikangoja Disemba irudi.

Ikarudi. Wajukuu wakafungua televisheni, na baba yao akaingia kutoka kazini. Ni mlinzi kwenye duka la nguo katikati ya mji. Akasimama pale pale mlangoni na koti lake. Nilikuwa nimekusudia nisitazame upuuzi ule hata kidogo, nimtazame yeye, nimkamate na dharau yake usoni. Mkwe akagonga kabati. Nikageuka.

Anacheka kweli, machozi yanamtoka. Lakini bega kaliegemeza kwenye mwimo wa mlango, na mguu mmoja kauinua, kaupumzisha juu ya mwenzake. Baada ya kidogo akabadilisha. Nikamwambia mjukuu, mletee baba yako kiti.

"Hapana, mama," akasema. "Nimezoea."

Nikamuuliza, unacheka nini hasa? Katika miaka miwili sikuwahi kumuuliza jambo la maana. Akaona aibu, akajifuta macho.

"Yule bwana, mama. Tangu mwanzo mpaka mwisho hajakaa. Chai yake iko pale mezani, kila akitaka kukaa mlango unagongwa."

Hakuwa na fumbo lolote, namjua, hana akili ya mafumbo. Nikatazama televisheni. Kweli, hajakaa. Mimi kutwa namtazama mkwe, na kumbe wenzangu wote wanamtazama yule mwanamume na kikombe chake kinachopoa. Nikamtazama na huyu wangu. Kutwa anasimama dukani kwa watu, anasimama kwenye treni, anafika nyumbani kwake anayolipia kodi, anasimama. Miaka miwili. Na mimi nimejilaza kwenye kochi lake namwona hana adabu. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto.

Kichekesho chenyewe bado nakidharau, tusije tukaelewana vibaya. Ni upuuzi, na wanaokipenda ni wapuuzi.

Mwezi uliofuata nikapata chumba kingine Kilburn kwa mama mmoja wa Pemba, mimi na yeye na choo kimoja. Binti yangu alilia. Mumewe alinibebea begi mwenyewe mpaka mlangoni Kilburn, akaniuliza kwa sauti ndogo, mama, nimekukosea nini? Nikamwambia hujanikosea kitu, nenda nyumbani kwako.

Juzi binti yangu amenipigia simu. Anasema mumewe akirudi kazini bado anasimama mlangoni, ati kochi lile ni la mama, hawezi. Nimemwambia amwambie yule mpumbavu akae. Sikuja kulala chumba cha watu na mgongo wangu huu ili kochi likae tupu.