Kibao cha Parsaloi, Sentensi za Nyokabi

Kibao kile kilinuka jasho la shingo za watoto. Kilikuwa kipande cha ubao wa sanduku la majani chai, kikubwa kama kiganja cha mtu mzima, kilichotobolewa tundu na kutiwa kamba ya mkonge. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiosha, kilikusanya harufu ya kila aliyekivaa: mafuta ya kujipaka, moshi wa kuni, maziwa yaliyochacha, hofu. Tulikiita diski. Aliyepatikana akizungumza lugha ya kwao shuleni alivishwa, na njia ya pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake akizungumza ya kwao, kisha amvishe yeye. Ijumaa jioni mwalimu aliifuata kamba ile nyuma, kutoka shingo hadi shingo, na wote iliowapitia wakachapwa. Harufu hiyo ilinirudia mwaka huu katika ofisi ya shule moja hapa Kitengela, nikiwa kwenye kiti cha plastiki, daftari la mjukuu wangu Nyokabi likiwa mapajani mwangu. Tangu siku hiyo hasira haijanitoka. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo nitaanza na kosa la zamani ndipo nifike kwenye hili jipya.

Baba yangu alikuwa na duka dogo la mabati huko Kisaju, miaka ambayo barabara ya Namanga ilikuwa na magari machache hivi kwamba tuliyatambua kwa mlio. Sisi tulikuwa Wakikuyu kati ya Wamaasai, nami nilijifunza Kimaa nikiwa nimesimama nyuma ya mizani ya sukari. Rafiki yangu alikuwa Parsaloi, tuliyeketi naye dawati moja. Muhula ninaoukumbuka ulikuwa wa kiangazi kikali. Nyasi zilikuwa zimekatika hadi mizizi, upepo ulileta vumbi jeupe lililoingia kwenye chai, na ng'ombe walipita mbele ya duka wakitembea polepole kama wagonjwa. Likizo ya kabla ya muhula huo kaka mkubwa wa Parsaloi aliugua kifua, akakonda hadi mbavu zikahesabika. Wazee wakaamua apelekwe olpul. Olpul ni kambi ya nyama: wanaume hutoka bomani na fahali, huenda mbali kwenye korongo lenye miti, humchinja na kukaa huko siku nyingi wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome na mizizi, mpaka aliyedhoofika apate nguvu. Parsaloi alikwenda nao kuchota maji. Siku moja nilipeleka majani chai huko, na hadi leo naweza kuikumbuka ile supu nyeusi, uchungu wake ukipanda puani kabla haujafika mdomoni, na yule kaka akiwa amelala juu ya majani mabichi, macho yake yakimfuata kila mtu aliyesogea. Hakuna aliyecheka pale. Watu walizungumza kwa sauti ya chini, kama kanisani.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa Kiingereza alituambia tuandike sentensi kuhusu likizo. Alikuwa kijana, mwenye kaptura iliyopigwa pasi ikakaa kama karatasi, na sisi tulimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Parsaloi aliandika kwamba kaka yake alikuwa mgonjwa na wakampeleka olpul. Sentensi ilikuwa ya Kiingereza safi, isipokuwa neno hilo moja. Mwalimu aliisoma kwa sauti, akalitamka neno vibaya makusudi, darasa likacheka. Akauliza ni nani anayejua kulisema kwa Kiingereza. Nikainua mkono. Katika kitabu chetu cha kusoma kulikuwa na picha ya watoto wa Kizungu wameketi juu ya kitambaa chenye miraba, na kikapu cha mikate katikati yao, wanatabasamu. Nikasema, "Picnic, sir." Mwalimu alifurahi. Nilijua wazi kwamba havifanani. Nilikuwa nimefika kule, nilikuwa nimemwona mgonjwa. Lakini nilikuwa kiranja, na neno nilikuwa nalo, na mkono ukapanda wenyewe.

Parsaloi aliamriwa aandike mara kumi kwamba kaka yake alikuwa mgonjwa na wakampeleka pikiniki. Akasimama. "Mwalimu, hatukuenda kucheza," akasema, tena kwa Kiswahili, ambacho nacho kilikuwa kimepigwa marufuku siku hiyo. "Kaka yangu alikuwa anakufa." Mwalimu akamwambia aketi aandike. Hakuketi wala hakuandika. Basi mwalimu akanitazama, nami nikaenda nikakitoa kibao msumarini na kumvisha rafiki yangu. Aliinamisha kichwa kidogo ili nisipate taabu na kamba.

Kilichofuata hakikuwa kimewahi kutokea shuleni kwetu. Kibao kilikaa. Parsaloi hakumnasa mtu. Wenzake walipong'amua hilo wakaanza kuzungumza Kimaa, Kikamba na Kikuyu mbele yake bila woga, uwanja mzima ukachangamka kama soko, kwa sababu mwenye kibao hakuwa anawinda. Ijumaa ya kwanza alichapwa peke yake. Ya pili pia. Ya tatu mwalimu alitangaza kwamba atakayemaliza muhula na kibao shingoni atarudia darasa, na sote tulijua anamsema nani. Jumatatu iliyofuata Parsaloi alinifuata nyuma ya tangi la maji. Alizungumza Kimaa, taratibu, kama mtu anayejadili bei ya mbuzi. "Wewe Kamau, mimi siwezi kumnasa mtu. Lakini wewe ndiye uliyenivisha. Sema neno moja tu la kwenu, lolote, nikuvishe. Ijumaa mwalimu hatampiga sana kiranja wake."

Nimeishi miaka mingi na jibu nililompa. Nilimjibu kwa Kiingereza. "I cannot," nikasema, siwezi. Ilikuwa kweli kabisa kwamba ningeweza. Ningesema "maaĩ", yaani maji, ningesema "maitũ", yaani mama, ingetosha. Parsaloi akakirekebisha kibao kifuani kama mtu anayerekebisha tai, akaenda zake. Baba yake alikuwa amemtoa mtoto mmoja tu kwenda shule, tena baada ya kubembelezwa sana na chifu, na ng'ombe walikuwa wanahitaji mikono kuhamishwa upande wa malisho. Aliposikia mwanawe atarudia darasa, aliona shule yenyewe imemkataa. Hakuja kuuliza. Angeuliza kwa lugha gani, katika ofisi ile? Parsaloi alirudisha kibao, akakitundika msumarini mwenyewe, na hakukanyaga darasani tena. Mimi niliendelea hadi Kidato cha Nne.

Sasa Nyokabi. Ni mtoto wa binti yangu, ana miaka kumi na mitatu, na wanaishi nami hapa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, kwa sababu wazazi wake huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi. Mtoto huyu anapenda anime, zile filamu za michoro za Kijapani, kuliko chakula. Amejaza madaftari mawili kwa picha za watu wenye macho makubwa na nywele kama majani ya mkonge, na zamani alikuwa akinieleza nani ni nani huku mimi nikiitikia bila kuelewa nusu. Mwalimu wake aliwapa kazi ya kuandika sentensi kumi za Kiingereza kuhusu mambo wanayoyapenda. Tano kati ya sentensi za Nyokabi zilikuwa na neno anime. *I watch anime every Saturday. My favourite anime made me cry.* Zote tano zilikatwa kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa kwamba atumie maneno ya Kiingereza: aandike *cartoons*, sentensi zote upya. Alikataa. Ndipo mzazi akaitwa, na mzazi siku hiyo nilikuwa mimi.

Njiani aliniambia, akiniita babu kwa Kikuyu kama kawaida yake, "Guka, hiyo si cartoon. Cartoon ni za Shiku." Shiku ni mdogo wake wa miaka mitano. "Kuna moja mama ya mtoto anakufa, na mtoto anakaa bila kuongea hadi unasahau sauti yake. Sasa hiyo niiite cartoon?" Nikamwambia tutaona. Mwalimu, mama kijana mwenye uso uliochoka, alinipokea kwa heshima. "Mzee, mtoto ni mwerevu lakini ni mjuaji. Tuongee naye tukiwa wawili." Tukaenda darasani. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya darasa zima, nikasema, "Nyokabi, andika vile mwalimu amesema, mambo yaishe." Alinitazama. Halafu akaketi akaandika, mara tano, kwa mwandiko mzuri. Niliporudi ofisini kutia sahihi kitabu cha wageni ndipo harufu ya ule ubao ikanijia.

Nakasirika, na sioni haya kusema hivyo. Nyokabi alinieleza baadaye, bila furaha, kwamba Wajapani wenyewe walilichukua neno la Waingereza la filamu za michoro wakalikata kipande, na Waingereza wakaja wakakichukua kipande hicho na kukifanya chao. Nilidhani ananidanganya. Nilikwenda duka la vitabu nikamwomba muuzaji kamusi kubwa ya Kiingereza, nikasimama pale na miwani yangu, na neno lilikuwepo. Safari ilikuwepo pia, neno letu. Basi wenye lugha walishafungua mlango, na sisi ambao hatuna hata ufunguo ndio tumesimama na rungu kumzuia mtoto asiingie. Nani alitutuma? Waliotutuma walikwenda makwao nikiwa mdogo. Kibao kimekwisha, mtoto hachapwi tena, tunasema mambo yamebadilika. Lakini kalamu nyekundu bado inamwambia mtoto kwamba kitu alichokiona kwa macho yake si kitu mpaka kipewe jina la kitabuni, hata kama jina hilo ni la uongo. Kumpeleka mgonjwa pikiniki. Kumwita mama aliyekufa kartuni. Na kila mara yupo mtu kama mimi, anayejua kwamba ni uongo, wa kuinua mkono.

Mwezi uliofuata nilikuwa Kajiado siku ya mnada wa mifugo, nikamkuta Parsaloi, ambaye tumekuwa tukionana mara moja moja tangu uzee utufikie. Amevaa koti la suti juu ya shuka, simu mbili shingoni. Aliponiona alisema kama asemavyo kila mara, "Huyu hapa Bwana Pikiniki." Safari hii sikucheka. Nikamweleza habari za Nyokabi, halafu nikamwomba msamaha wa siku ile ya tangi la maji, jambo ambalo sikuwahi kulitaja. Alisikiliza akimtazama fahali mmoja mwekundu. "Kaka yangu alipona, unajua," akasema. "Ako na wajukuu kushinda wewe." Nikasema najua. Akanigeukia. "Sasa hiyo pole yako nitaifanya nini mimi, Kamau? Niende nayo darasa la sita?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayerudisha kitu kisichomtosha. Kisha akaongeza, "Huyo msichana bado ako shule?" Nikasema ndiyo. "Basi peleka huko."

Nikapeleka. Nilirudi shuleni nikamwomba mwalimu ruhusa, nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza, nikaliambia darasa kwamba nilikosea, kwamba neno la Nyokabi lilikuwa sahihi na mimi nilijua tofauti, lakini nikamwambia aandike uongo kwa kuogopa aibu. Watoto walitazamana. Mwalimu alinisindikiza hadi langoni. "Mzee, mimi sikatai neno liko," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini anayesahihisha mtihani hanijui mimi, hamjui Nyokabi. Nikimwacha, yeye ndiye ataumia." Nikaona kwamba naye anaogopa, kama nilivyoogopa mimi. Hata hivyo siku hiyohiyo alichukua daftari, akaweka alama ya sahihi juu ya kila sentensi aliyoikata.

Parsaloi alitoka shuleni na neno lake, akapoteza shule. Nilidhani Nyokabi atabaki na vyote viwili, kwa kuwa leo kuna babu anayejua kusoma kamusi na mwalimu anayekubali kurekebishwa. Juzi nilimwomba nione kazi yake ya wiki. Alinipa daftari, akaendelea kumfunga Shiku kamba za viatu. Walikuwa wameambiwa waandike wanavyoutumia mwisho wa wiki. *On Saturday I watch cartoons with my sister.* Nilimuuliza kwa nini hakuandika anime, wakati hakuna aliyemkataza tena. "Ni sawa tu, Guka," akasema. Pembeni palikuwa na alama ya sahihi, na mwalimu alikuwa ameandika *Good*.