Jina la Nne Ndani ya Ngoma

Wewe unadhani mwanamume wa Bukavu hana haki ya kuvaa sketi ya Kiskoti na kupiga ngoma katika gwaride la Saint Paul? Basi hujakutana na Murhula, jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Apple Valley, Minnesota. Sisi tunamwita Papa Maombi, kwa jina la binti yake.

Kanisani wamemcheka sana. Thaddée, anayeongoza kwaya, alimuuliza kama sasa atamwachia mke wake suruali zote. Mke wake, Vestine, akajibu kwamba suruali alikwisha kuzichukua zamani. Mimi sikucheka. Chuoni nilisikiliza kwa miaka minne mihadhara kuhusu namna wakimbizi wanavyopaswa kusaidiwa, kana kwamba tulikuja mikono mitupu. Murhula alikuja na mikono inayojua kazi. Tangu ujana wake alipiga ngoma kubwa katika fanfare ya parokia kule Kadutu, Bukavu, bendi ya tarumbeta iliyotembea mbele ya kila maandamano ya sikukuu.

Hapa anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Miaka mitatu iliyopita alimkuta mzee mmoja, Walt, akigonga meza ya chakula kwa vidole. Murhula akamjibu kwa kugonga sinia. Wakajibizana mpaka uji ukapoa. Kumbe Walt alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi ya zumari za mfuko za Kiskoti, zile ambazo mpigaji hukumbatia mfuko wa hewa na kuukamua kwa kiwiko. Kila asubuhi, akinyolewa ndevu, Walt alimsimulia habari zake. Bendi ilianzishwa mwaka 1963 na wapeleka barua wa Saint Paul, waliofanya mazoezi wakiwa na viatu vyao vya kazi. Ngoma kubwa ni ileile ya siku ya kwanza. Aliipiga Carl, mpeleka barua. Akaja Doris, mwoka mikate. Kisha Walt mwenyewe. Na kanuni ni moja: ngoma hulala nyumbani kwa anayeipiga.

Kabla ya kufa, Walt alimwomba Gordy, mkuu wa bendi, ngoma ikalale kwa Murhula.

Ikalala. Majira yote ya baridi ilikaa sebuleni kando ya televisheni, imefunikwa kitenge cha Vestine. Kila Jumanne Murhula aliibeba hadi kwenye mazoezi.

Gwaride lake la kwanza lilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Kanisa letu zima lilisimama kando ya barabara, hata Thaddée. Sasa elewa jambo moja. Katika fanfare ya Kadutu, mapigo mawili ya haraka maana yake: watu wamefurahi, rudieni kiitikio. Katika bendi hii, mapigo mawili ya haraka ni amri ya kunyamaza. Murhula aliijua amri hiyo vizuri. Lakini bendi ilipotufikia, mama zetu wakapiga vigelegele, na mikono ikatangulia kichwa, ikapiga mapigo mawili ya haraka.

Zumari kumi na mbili zilikatika kwa pamoja, zikitoa mlio kama wa mbuzi waliokanyagwa. Askari wastaafu waliokuwa nyuma wakagongana migongo. Barabara ikawa kimya, isipokuwa kicheko cha Thaddée.

Bendi ilianza upya na kufika mwisho. Hakuna aliyemlaumu. Lakini watu wa Minnesota hawakukemei. Wanakwambia hali ya hewa ilikuwa nzuri. Watu saba walimwambia hivyo, na Murhula akaelewa kwamba amefukuzwa. Akaendesha gari moja kwa moja hadi kwa Gordy, akaiacha ngoma mbele ya mlango wa gereji, akarudi nyumbani.

Jioni nilipanda kwake. Vestine alikuwa anakunja kile kitenge.

"Weye ulikimbia vita na hukuacha hata sufuria," alimwambia mumewe. "Leo unaacha ngoma kwa mapigo mawili?"

"Bendi imetembea miaka zaidi ya sitini," Murhula alisema. "Mimi nimeizima."

Nikaanza kumweleza kwamba nafasi ile ni yake, kwamba hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumwondoa, kwamba anajiondoa mwenyewe. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikaishiwa pumzi.

"Pacifique, weye umesoma. Lakini hujawahi kusimamisha barabara nzima."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa natoka kwenda kazini nilipoona pikapu ya Gordy inaingia. Ngoma ilikuwa kwenye kiti cha mbele, imefungwa mkanda kama abiria. Ngozi yake ya upande mmoja ilikuwa imetolewa. Murhula alikuwa anashuka ngazi katika sare zake za kazi, akasimama. Gordy, mzee wa miaka sabini na minane, hakumsalimu. Alimwonyesha tu ndani ya ngoma.

Niliinama nami kutazama. Kwenye ubao wa ndani yalikuwa yameandikwa majina matatu kwa wino, na kando ya kila jina maneno machache. Carl: mkwiro wa kupigia ulinitoka mkononi. Doris: nilikata kona peke yangu. Walt: nilianza kabla ya wenzangu.

Gordy alieleza kwamba mpigaji haandiki jina mpaka aharibu gwaride lake la kwanza, na kwamba huwa haambiwi mapema. Akatoa kalamu mfukoni.

"Jana uliondoka kabla ya kuandika," alisema. "Na mazoezi ni leo."

Murhula aliingiza kichwa na bega ndani ya ngoma, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na wino puani. Nilisoma: Murhula, mapigo mawili. Aliandika kwa Kiswahili, na Gordy hakuuliza maana yake.

Kisha akaikumbatia ngoma, akaanza kupanda nayo ngazi, kazini amekwisha kuchelewa. Juu, Vestine alikuwa ameshika mlango, kitenge begani.