Kigoda Ndani ya Nyumba ya Midoli

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeona ziwa likimeza mtumbwi na watu wake saa nne asubuhi, jua linawaka. Nimeona sangara, samaki tuliyekuwa tukimkimbia kwa mafuta yake, akipandishwa ndege kwenda Ulaya. Niliishia darasa la nne, nikaanza na beseni moja la samaki pale soko la Mwaloni, Kirumba. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, nikawa nashusha samaki kwa lori langu mwenyewe. Nilidhani yote nimeshayaona.

Starehe yangu ilikuwa nyumba za midoli. Cheka ukipenda. Miaka ile familia za Kihindi pale Mirongo zilikuwa zikifungasha kwenda Kanada, zinauza vitu mlangoni, na wenzangu waligombea majokofu. Mimi niliona chini ya ngazi nyumba ya mbao ya ghorofa, kimo chake kiunoni, ukuta wa mbele unafunguka kama kabati. Mwenyewe alisema mama yake aliichezea utotoni. Mchwa walikuwa wamekula paa, vyumbani mavi ya panya. Niliinunua. Mtu aliyekulia kwenye nyumba isiyo na dirisha atanielewa.

Baadaye nikapata ya pili, halafu ya tatu. Hakuna fundi aliyenifundisha. Nilipima mwenyewe mpaka nikaijua siri yake: inchi moja mle ndani ni futi moja huku nje. Nikapiga msasa rangi ya zamani, nikakata bawaba kutoka bati la kopo la maziwa, nikachonga vitanda kwa vipande vya mninga. Mke wangu akashona mapazia. Ile ya kwanza ilikuwa haina hata kiti kimoja. Sikumbuki nilikuwa nawaza nini. Nilichonga kigoda cha miguu mitatu, nikakiweka sebuleni.

Siku moja nilikuwa nimeipaka vanishi, nimeiacha uani ikauke. Mama yangu akaja kutoka Kisesa bila taarifa. Natoka ndani, namkuta amepiga magoti mbele ya nyumba ile, bakuli mkononi, mdomoni maji yaliyotiwa unga, anayapuliza mlangoni kama wanavyopuliziwa waliotangulia. Vanishi yangu mbichi ikageuka uji.

"Mama! Unafanya nini?"

Akageuka, anatabasamu na machozi yanamtoka. "Asante, baba. Nilijua utakataa mpaka nife. Na kigoda chake umemwekea!"

Kwetu Usukumani marehemu hujengewa kibanda kidogo uani na kuwekewa kigoda, apate pa kukaa akija kuwaangalia wanawe. Miaka tisa mama alikuwa akiniomba nimjengee baba. Nilisingizia kanisa, na kanisani kwenyewe nilikuwa siendi. Ukweli ni kwamba baba hakunipa hata ndama wa kuanzia maisha, na mimi nilipenda kusema hakuna aliyenisaidia.

Nikacheka. "Mama, hiki ni kitu cha kuchezea watoto wa Kihindi!"

"Watoto wako wote wameota ndevu. Anakichezea nani?"

"Mimi."

Akaitazama nyumba ile, akazitazama zile mbili barazani. "Umewatengenezea tatu watu wasiokuwepo. Baba yako akae wapi?"

"Akae alikokaa siku zote."

Akajikung'uta magoti, akachukua kapu lake. Chai hakunywa. Nilimwita, "Mayu, mama yangu, ngoja lori likupeleke!" Hakugeuka. Kwangu hakukanyaga tena. Nikienda Kisesa aliitikia shikamoo yangu, basi.

Alipofariki, nyuma ya nyumba yake nilikuta fito saba zimechimbiwa kwa duara, juu hazina kitu. Alizikata mwenyewe, na mgongo wake ule uliopinda kwa uzee.

"Alikuwa anaomba nyasi za kuezekea," jirani yake akaniambia. "Alimwomba kila mtu, isipokuwa wewe."

Nikamaliza alichoanza, na ubavuni nikajenga kingine, cha kwake. Sikupiga msasa, sikupima inchi. Kile kigoda nilikitoa sebuleni mwa nyumba ya Mirongo, nikakiweka kwa baba. Sasa sebule ile haina kiti, na sijachonga kingine.

Fito, nyasi na kamba za vibanda vyote viwili, pamoja na kubebewa mpaka uani: shilingi elfu mbili mia tatu na hamsini. Kopo moja la vanishi lilinigharimu zaidi.