Daktari wa mifugo arudi kwenye zizi alilolikwepa miezi minane

Saa moja na robo asubuhi, simu ya Dokta Mdogo inaita juu ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Anaitazama tu. Inakatika, inaita tena. Asubuhi ni ya baridi, lakini kijasho chembamba kimeshamtoka juu ya mdomo.

“Ni wao,” anamwambia mwandishi wa makala haya, aliyefika dukani hapo kuandika siku moja ya kawaida ya daktari wa mifugo. “Kwao sijakanyaga miezi minane.”

Mara ya tatu anapokea. Sauti ya mama mmoja inasikika hadi upande wa pili wa kaunta. Ng'ombe wake amezaa jana jioni salama salimini, ndama ananyonya vizuri, lakini tangu alfajiri mzazi amelala na hanyanyuki. Masikio ni ya baridi. Shingo ameipindia ubavuni.

“Nakuja, mama,” anajibu Dokta Mdogo. Kisha anakaa chini, simu bado mkononi.

Jina hilo alipewa na wafugaji kwa sababu ya kimo, si umri. Ana miaka ishirini na tisa, na mitano kati ya hiyo ameitumia kuhudumia wafugaji zaidi ya mia mbili kwa pikipiki moja, sanduku moja la dawa na mgongo ambao, kwa maneno yake, “umeshazeeka kabla yangu.”

Alivyoeleza dalili yule mama, hahitaji kufika ili kujua ugonjwa. Ni homa ya maziwa. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akizaa, kalsiamu ya mwilini hukimbilia kwenye kiwele, misuli ikalegea, akaanguka. Dawa yake ni chupa ya kalsiamu, inayoingizwa kwenye mshipa wa shingo. Ikiingia taratibu, ng'ombe huinuka ukimwona kwa macho yako. Ikiingia kwa pupa, moyo huzimika.

Miezi minane iliyopita, katika zizi hilohilo, Dokta Mdogo alikuwa na pupa.

“Nilikuwa na simu mbili zaidi zinanisubiri. Nikainua chupa juu ya kichwa, mkono umenyooka, nikaiminya. Chupa inayotakiwa kuingia kwa dakika kumi na tano, kwangu ilikwisha kwa dakika nne,” anasimulia. “Ng'ombe akaguna mara moja. Akanyoosha miguu. Basi.”

Mama mwenye ng'ombe alimuuliza kulikoni. Dokta Mdogo akajibu kwa maneno matatu ambayo hajawahi kuyasahau: “Mlichelewa kuniita, mama.”

Tangu siku hiyo akaanza kuogopa. Hakuogopa ng'ombe, wala damu. Aliogopa mshipa wa shingo. Mfugaji akipiga simu kusema ng'ombe wake amezaa na ameanguka, Dokta Mdogo alikuwa na udhuru tayari: mafuta yameisha, tairi limepata pancha, yuko mbali. Alipungua kilo saba. Alikuwa akikaa sebuleni na redio imewashwa, na dada yake anayeishi naye akimwuliza redio imesema nini, hajui.

Aliyemshtukia ni daktari mwenzake mwenye miaka thelathini na minne kazini, ambaye watu humwita Mzee Buti kwa sababu huvaa mabuti ya mpira hata harusini. Wagonjwa aliowakwepa Dokta Mdogo walikuwa wakiishia kwake.

“Nikamuuliza, binti yangu, hiyo pikipiki yako inapata pancha kila ng'ombe akizaa?” anasema Mzee Buti, akicheka. Kicheko hakidumu. “Nilijua ni hofu. Nimewahi kuiona. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye, akakosea, akakaa na kosa lake peke yake mpaka likammaliza. Tulimzika. Sitaki kusema zaidi ya hapo.”

Baada ya msiba huo, Mzee Buti alianzisha kikao cha Ijumaa mchana kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa. Madaktari watano au sita huketi juu ya maboksi na magunia ya chakula cha kuku. Birika la chai linawekwa katikati, lakini halimiminwi mpaka kila mtu aseme alipokosea wiki hiyo. Aliyedai hakukosea huambiwa atoke nje akakumbuke vizuri.

Dokta Mdogo alihudhuria vikao vitatu akisema makosa ya kitoto: amesahau sindano kwa mtu, amekosea tarehe ya chanjo. Kikao cha nne akasema la ng'ombe. Hakuna aliyemkaripia. Daktari mmoja mwenye mvi akasema yeye pia aliua mmoja hivyohivyo, na akataja hata rangi yake.

Kuanzia hapo Mzee Buti akawa anaongozana naye, mikono mfukoni, kwa makusudi. Hagusi kitu. Alimpa kanuni mbili tu. Ya kwanza, chupa isipite kidevu. Ya pili, weka kifaa cha kusikilizia moyo masikioni, na useme kwa sauti kila unachokisikia, ili hofu isipate nafasi ya kusema yenyewe. Ng'ombe kumi na mmoja waliinuka namna hiyo.

Lakini lipo neno alilomwambia kikaoni ambalo Dokta Mdogo hakulipenda. “Sisi umetuambia,” alisema Mzee Buti. “Ng'ombe alikuwa wetu?”

Sasa, kaunta ikiwa mbele yake, Dokta Mdogo anampigia. Simu inapokewa na mtu mwingine, anayemshikia Mzee Buti sikioni.

“Mzee, wamenipigia wale. Njoo basi.”

“Nije vipi, mwanangu, na mkono wangu uko ndani ya ng'ombe mpaka begani? Ndama kakaa vibaya. Nenda. Kidevu, na sauti.”

Anapiga moyo konde, anawasha pikipiki. Mwandishi, aliyekaa nyuma akilikumbatia sanduku la dawa, anamsikia akirudia njia nzima: “Kidevu, na sauti. Kidevu, na sauti.”

Zizi ni dogo, la mbao, paa la bati, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe amelala, macho yamefifia. Pembeni, nje ya ukuta wa mbao, kuna kitanda cha chuma chenye godoro na blanketi lililokunjwa vizuri.

“Shikamoo, mama. Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Safari hii hatujachelewa, Dokta,” anasema mama mwenye ng'ombe. Anaelekeza kidole kwa mumewe, fundi cherehani mrefu aliyejiinamia karibu na mlango. “Tangu yule wa kwanza afe, huyu bwana nimemhamishia hapa. Alikuwa zamu yeye usiku ule, akalala. Wajukuu wanamwita Babu Kuchelewa.”

Fundi anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea kutaniwa na asiyecheka tena. Dokta Mdogo anakitazama kile kitanda.

Hakuwa akijua. Miezi minane aliogopa kwamba maneno yake yangegundulika. Haikumpitia akilini kwamba yangeaminiwa.

Hata hivyo ng'ombe hasubiri. Dokta Mdogo anapiga magoti, anapapasa mshipa, anachoma. Sindano inaingia mara ya kwanza.

“Baba, naomba unishikie chupa.”

“Mwache huyo, atasinzia nayo,” anadakia mke.

“Namtaka yeye, mama. Baba, chupa isipite kidevu.”

“Kidevu changu au chako?” anauliza fundi, maana akisimama amempita kichwa kizima.

“Changu! Piga magoti.”

Fundi anapiga magoti. Dawa inaanza kushuka. Dokta Mdogo ameinamia kifua cha ng'ombe, kifaa masikioni, na sauti yake ni nyembamba. “Unapiga. Unapiga vizuri. Bado vizuri.” Dakika tatu. Dakika tano. “Unapiga... umeruka. Umeruka pigo. Shusha!”

Fundi anashusha chupa hadi chini ya mshipa. Mama ameweka mikono kichwani. Mwandishi, na hili analikiri, anatazama mlango.

“Umeruka tena,” anasema Dokta Mdogo, macho kayafumba. Machozi yanamtoka lakini mkono hauondoki. “Umerudi. Unapiga. Subirini. Unapiga. Haya, inua kidogo. Kidogo, baba.”

Inachukua dakika ishirini na mbili. Kisha ng'ombe anacheua kwa kishindo, anatetemeka ngozi yote, anamwaga kinyesi kingi karibu na viatu vya mwandishi, na anasimama. Ndama anamkimbilia. Mama anapiga kigelegele.

Dokta Mdogo angeweza kuondoka hapo. Alishafunga sanduku, akapokea shukrani na mfuko wa mayai, akafika kwenye pikipiki. Mwandishi alishavaa helmeti. Dokta Mdogo akasimama na ufunguo mkononi kwa muda mrefu, kisha akarudi zizini, na ule mfuko wa mayai akaurudisha kwa mwenyewe.

“Mama, ng'ombe wenu wa kwanza hamkuchelewa. Mliniita mapema. Dawa niliiingiza haraka mimi, ikamsimamisha moyo. Nikaogopa, nikawasingizia.”

Mama akaingia ndani, mlango ukabamizwa. Zilisikika sufuria zikihamishwa bila sababu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

“Utanirudishia ng'ombe wangu?”

“Siwezi kumrudisha yule, mama. Nitakuja kila ng'ombe wenu akikaribia kuzaa, kabla hamjaniita. Mkinikataa pia ni haki yenu.”

“Tutaona. Hasira zangu hazijaisha, usidhani zimeisha. Lakini mimi ulinilia ng'ombe tu.” Akamgeukia mumewe. “Huyu ulimlia nini?”

Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake cha chuma. “Rudia, Dokta,” alisema taratibu. “Mke wangu sikio la kushoto linamsumbua.”

Dokta Mdogo akarudia, neno kwa neno, akapiga magoti na kumwomba radhi. Mke akasikia kwa masikio yote mawili.

Mambo haya yanaandikwa kwa ruhusa yao. “Andika yote,” alisema mama, “ila majina yaache, watu wana midomo.” Jioni hiyohiyo, kwa mujibu wa Dokta Mdogo, kitanda kilirudishwa ndani. Mama alishika upande mmoja, mumewe mwingine.

Ijumaa iliyofuata Dokta Mdogo alikuwa wa kwanza kusema kikaoni. Alipomaliza, Mzee Buti alimmiminia chai yeye mwenyewe, kisha akamtangazia kwamba mwezi ujao anakuja kijana aliyemaliza chuo, na atakuwa chini yake.

“Niliogopa upya,” anakiri. “Bado naogopa kila nikichoma mshipa, na sasa nitaogopa kwa ajili ya mtu mwingine pia. Ila nataka nimpeleke kwenye zizi lile siku ya kwanza. Nimwonyeshe ng'ombe alipoangukia, na nilipokuwa nimesimama mimi nikisema uongo.”

Ilibidi aombe ruhusa ya wenyewe. Alirudi huko na mwandishi siku mbili baadaye. Mama alisema afanye anavyotaka, bila kumtazama usoni. Fundi alizima cherehani yake kwanza.

“Mlete,” alisema. “Mimi nitamweleza la kwangu. Usiku ule sikulala, Dokta. Nilikaa macho na taa mkononi mpaka nilipomwamsha huyu akupigie. Lakini ulivyosema tumechelewa, nikakuamini, maana wewe ndiye uliyesoma. Nikaanza kukumbuka nilivyosinzia. Nikakumbuka hadi ndoto niliyoota.”